Mwalimu Afundishaye Chakula Naye Asaidiwe

Katika shule moja ya msingi iliyo juu ya kilima, upande wa magharibi wa Kenya, alikuwako mwalimu aliyesifiwa kwa mwandiko wake mzuri ubaoni. Siku ya somo la chakula aliugawa ubao mafungu matatu: vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kutia nguvu, na vyakula vya kulinda mwili. Katika fungu la kwanza aliandika nyama, samaki, mayai, maziwa na maharagwe. Katika la pili ugali, viazi, wali na mafuta. Katika la tatu mboga na matunda. Watoto walinakili yote, na walipojaribiwa walipata alama nyingi. Mtu aliyeyatazama madaftari yao angedhani kwamba hakuna kijiji kilichokula vema kuliko kile.

Siku moja, saa nane mchana, msichana wa darasa la 5 alianguka chini akiwa amesimama kujibu swali. Wenzake walimbeba mpaka kivulini, akapewa maji yenye sukari. Alipopata nafuu aliulizwa amekula nini siku ile. Akajibu kwamba tangu chai ya jana jioni hajala kitu. Msichana huyu ndiye aliyepata alama 10 kwa 10 katika somo la chakula. Akamtazama mwalimu kwa haya, akasema, "Mwalimu, yote uliyotufundisha nayajua."

Mwalimu hakuwa na la kujibu. Jambo lililomchoma zaidi ni kwamba saa nne asubuhi yeye mwenyewe alikuwa amekunywa chai ya maziwa na kula mkate mweupe katika chumba cha walimu, ambacho mlango wake unaelekea madarasani. Watoto wote huuona mlango ule.

Watu wakisikia habari kama hii hukimbilia kutafuta mkosaji. Wengine husema mwalimu hana moyo. Wengine husema wazazi ni wavivu. Lakini yafaa kwanza kuitazama kazi aliyopewa mwalimu huyu. Mtaala mpya ulipoanza kujaribiwa Kenya mwaka wa 2017, na kuenezwa nchini mwaka wa 2019, mafundisho ya usafi, lishe, kilimo na upishi yalipewa nafasi kubwa kuliko hapo zamani. Mtoto atakiwa apande, apike, anawe, na aeleze sababu. Jambo hili ni jema sana. Walakini mwalimu mwenyewe alisoma shule wakati ambapo kazi hizo hazikuhesabiwa kitu karibu na hesabu na Kiingereza. Alipewa kitabu, akaitwa katika semina ya siku chache, akarudishwa kwa watoto zaidi ya 60, katika shule isiyo na bomba la maji, wala jiko la mafundisho, wala jembe lake yenyewe. Kumwambia mtu kama huyu afundishe chakula ni kama kumwambia afundishe kuogelea juu ya nchi kavu. Atachora mto ubaoni, na watoto wataujua mto wa chaki.

Jioni ile mwalimu alikwenda kumwamkia shangazi yake, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, akamweleza habari za yule msichana. Mama huyo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, baba yangu alikuwa mwalimu kama wewe, lakini yeye hakuanza kwa ubao. Alianza kwa choo."

Ndipo mwalimu akaelezwa vema jambo ambalo tangu utotoni alikuwa akilisikia nusu nusu tu, yaani kwamba babu yake alisomea Kabete, karibu na Nairobi, katika Shule ya Jeanes.

Asili ya shule ile iko mbali. Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia katika Marekani, alitoa dola milioni 1 mwaka wa 1907 ili kusaidia shule ndogo za Wamarekani weusi katika mashamba ya kusini. Mwaka wa 1908 Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa jimbo la Virginia, akawekwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mpango ule. Kazi yake haikuwa kukaa katika shule moja, bali kuzungukia shule nyingi za mashambani, kuwaonyesha walimu wake jinsi ya kusafisha, kupanda, kushona na kupika, na kuwaunganisha na wazazi. Tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dr. Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilipozuru Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924, wazo hilo likaja pamoja nayo. Mwaka wa 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie.

Walimu waliochaguliwa hawakwenda Kabete peke yao. Walikwenda na wake zao na watoto wao. Kila jamaa ilipewa nyumba ndogo na bustani, nao wakaishi kama watu wa kijiji. Mume alijifunza ualimu, kilimo na mambo ya afya. Mke alijifunza malezi ya watoto, mapishi na ushonaji. Baada ya hapo walirudi kwao, na mume akaanza kuzizungukia shule ndogo za jirani. Hakutumwa kuhesabu makosa ya walimu. Alitumwa akae nao, achimbe nao, na kuwaonyesha kazi kwa mikono yake.

Shangazi aliikumbuka nyumba ile ya baba yake kama ilivyokuwa alipokuwa mtoto. Ilikuwa na dirisha, na jikoni palikuwa na tundu la kutolea moshi. Nje palikuwa na kichanja cha kuanikia vyombo juani. Nyuma ya nyumba palikuwa na choo chenye kifuniko, na bustani ya kunde, mchicha, mnavu na mipapai. Mama yake hakuhubiri kitu. Wanawake walikuja kuomba mbegu au kuazima sufuria, wakakuta mboga zapikwa kwa muda mfupi na maji yake hayamwagwi, wakaenda wakafanya vivyo hivyo. "Baba alipokwenda kumfundisha mwalimu mwingine habari za choo," akasema shangazi, "hakuna aliyeweza kumwuliza, 'Je, chako kiko wapi?'"

Haifai kuisifu Kabete kupita kiasi. Waafrika wengi wa siku zile waliitilia shaka elimu ya namna hiyo, wakiogopa kwamba wanapewa jembe ili wanyimwe kitabu. Na shaka yao ilikuwa na sababu, kwa maana nafasi katika shule za juu zilikuwa chache mno. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na kazi ile ikakatizwa. Baada ya vita mahali pale palifundishwa maendeleo ya jamii. Mwaka wa 1961 pakawa Chuo cha Utawala cha Kenya, na tangu 2012 ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Maofisa na makarani hujifunza leo pale ambapo zamani walimu na wake zao walichimba vyoo na kupanda mboga. Hata hivyo jambo moja la Kabete lilikuwa kweli, na limebaki kuwa kweli: mwalimu wa kijijini hawezi kusaidiwa kwa barua peke yake. Hapana budi afikiwe na mtu.

Kwani ujuzi haukukosekana kamwe. Mwaka wa 1931 Dr. John Boyd Orr na Dr. J. L. Gilks walitoa uchunguzi wao uliofanywa Kenya, wakawalinganisha Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na viazi. Wakasema kwamba mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratli 23 za uzito. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya hesabu zile na maana yake, lakini tangu wakati ule hakuna serikali iliyoweza kusema kwamba haikujua uzito wa jambo la chakula. Mwaka wa 2022 uchunguzi wa taifa wa afya ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, 18 wamedumaa. Mwaka wa 2014 walikuwa 26. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini hao 18 nao watakuja shuleni, nao watakaa mbele ya mwalimu.

Serikali kwa nyakati mbalimbali imepeleka chakula shuleni. Mwaka wa 1979 Rais Moi alitangaza maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, na wazee wa leo wangali wakiyakumbuka kwa jina la Maziwa ya Nyayo. Mwaka wa 1980 chakula cha mchana kilianza kutolewa katika sehemu kavu za nchi kwa msaada wa Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa. Tangu 2009 serikali ilianza kutoa fedha ili shule zinunue nafaka na maharagwe kwa wakulima wa karibu, na mwaka wa 2018 ikaichukua kazi hiyo yote mikononi mwake. Watoto wengi wamefika darasani kwa sababu ya sahani ile. Lakini mara nyingi chakula kimepita mlango huu, na somo la chakula limepita mlango ule, wala havikukutana. Maziwa yalipokoma katika miaka ya 1990, watoto walibaki na utamu wake tu katika kumbukumbu.

Liko jambo jingine lililofanywa vizuri zaidi, nalo lafaa kuigwa. Mwaka wa 2012 serikali ilianza mpango wa taifa wa kuwapa watoto wa shule dawa ya minyoo, na katika mwaka wa kwanza tu ukawafikia watoto zaidi ya milioni 5. Wanaotoa vidonge ni walimu. Je, walimu hao wana moyo kuliko wenzao wa somo la chakula? Hasha, ni wale wale. Tofauti ni kwamba katika kazi ya minyoo mwalimu hufundishwa jambo moja mpaka alijue, hupewa vidonge mkononi, hupewa fomu na tarehe, na ofisi ya elimu na ofisi ya afya huja kwake kwa pamoja. Akipewa kazi na vyombo vyake, mwalimu wa Kenya huifanya.

Katika somo la chakula mambo ni kinyume. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, muuguzi wa zahanati na bwana shamba ni watumishi wa kaunti, lakini mwalimu wa shule ya msingi ni mtumishi wa taifa. Bwana shamba anajua udongo, muuguzi anajua damu na uzito wa mtoto, mwalimu anawajua watoto wenyewe kwa majina. Watatu hawa huenda wakapita njia moja kila asubuhi wakasalimiana, wala asiwepo mkubwa aliyewaambia waingie darasa moja. Wakikutana, mara nyingi ni kwa hisani yao wenyewe.

Yule mwalimu alirudi shuleni akawaita akina mama wa darasa lake. Akawaeleza habari za mboga za kienyeji, kwamba mnavu, saga, mrenda na kunde zina madini ya chuma na vitamini nyingi. Kwamba Profesa Mary Abukutsa-Onyango, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, amezichunguza kwa miaka mingi na kuzirudishia heshima yake. Akawaambia kwamba maharagwe yakiliwa na chungwa au limau mwili hupata chuma zaidi, na kwamba chai ikinywewa papo hapo baada ya chakula huupunguza ule uchumaji. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja akasimama.

"Mwalimu, asante kwa mafundisho," akasema. "Mboga hizo sisi tunazo, tena zaota zenyewe kando ya shamba. Nikimfungia mtoto wangu mrenda na ugali, huuficha vichakani, kwa maana wenzake humcheka kwamba kwao ni maskini. Yeye ataka mkate. Naye mkate ameuona kwako."

Watu wakanyamaza. Mwalimu angeweza kukasirika, maana alikuwa ameambiwa hivyo mbele ya watu. Badala yake alikumbuka maneno ya shangazi juu ya choo cha babu.

Jumatatu iliyofuata alikuja na bakuli lililofungwa kitambaa. Saa ya chakula hakuingia katika chumba cha walimu. Alikaa chini ya mti palipokuwa na watoto, akanawa mikono mbele yao, akala ugali wa wimbi na mnavu uliopikwa kwa maziwa. Walimu wenzake walimfanyia mzaha siku ya kwanza na ya pili. Juma la pili mwalimu mmoja wa kike akaja na bakuli lake. Mwezi ulipokwisha, watoto waliokuwa wakificha chakula chao walikuwa wakikila waziwazi, na wengine wakibadilishana.

Lakini isidhaniwe kwamba bakuli la mwalimu lilimaliza neno. Yule msichana na wenzake waliokuja bila kitu walibaki bila kitu. Mwalimu akaanzisha bustani, akanunua mbegu kwa fedha zake. Likizo ilipofika, jua likaikausha na mbuzi wakaingia. Mkubwa mmoja aliyeitembelea shule alimwuliza kama watoto watafanyiwa mtihani wa mbuzi. Bwana shamba aliitwa muhula mzima asipate nafasi ya kuja. Vibuyu chirizi vya kunawia mikono, ambavyo shule nyingi zilivitundika wakati wa ugonjwa wa Korona mwaka wa 2020, vilikuwa vimebaki kamba tupu. Kulikuwa na siku ambapo mwalimu aliona afadhali arudie mwandiko wake mzuri ubaoni, kwa maana ubao haukauki wala hauliwi na mbuzi.

Kilichomshika ni msaada mdogo uliokuja kwa miguu. Mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walitumwa vijijini kote nchini, na mmoja wao, mama wa kijiji kile kile, alianza kupita shuleni. Alipima uzito wa watoto, akazungumza na akina mama majumbani mwao mambo ambayo mwalimu aliyafundisha darasani, akarudi kumwambia mwalimu aliyoyaona. Kwa mara ya kwanza mwalimu alijua ni nyumba zipi ambazo hazina chakula kabisa, na ni zipi ambazo chakula kipo lakini hakipikwi asubuhi. Hayo ni matatizo mawili, nayo dawa zake ni mbili. Baba mmoja fundi akajenga ua wa bustani kwa miti ya bure. Wazazi wakakubaliana kuleta kila mmoja kipimo cha mahindi na maharagwe baada ya mavuno, na asiyekuwa nacho alete kuni au apike zamu yake, hata mtoto wake asionekane mwombaji. Chakula chapikwa siku tatu kwa juma. Si siku tano, lakini ni tatu. Somo la chakula sasa hufundishwa karibu na sufuria ile, na watoto hupima, huosha na huhesabu. Hata hesabu yao imefaidika.

Yule msichana hajaanguka tena.

Basi, wale wote wanaowatakia mema watoto wa nchi hii na wafahamu jambo lililo wazi katika habari hii. Mwalimu hakukosa maneno ya kufundisha. Alikuwa nayo tangu mwanzo, tena kwa mwandiko mzuri. Alikosa mtu wa kusimama pamoja naye. Maofisa wanaosaidia mtaala, ambao huzizungukia shule kwa pikipiki, na wapunguziwe fomu za kujaza ili wapate nusu siku ya kukaa bustanini na mwalimu. Wakubwa wa kaunti na wakubwa wa elimu na wapange pamoja siku ambayo bwana shamba, muuguzi na mwalimu watakuwa katika shule moja. Wanaotunga semina na wakumbuke kwamba mwalimu aliyepika kitu kimoja kwa mikono yake atakumbuka kuliko aliyesomewa kurasa 40. Na shule ipewe maji kabla ya kupewa mabango ya kunawa mikono.

Kwa upande wao, walimu nao wana sehemu ambayo hakuna serikali iwezayo kuwafanyia. Watoto huyasikia maneno ya mwalimu kwa saa moja, lakini hulitazama bakuli lake kila siku. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na akunjwe kwa mikono ya watu wengi: wa mwalimu, wa mzazi, wa muuguzi na wa bwana shamba, maana mkono wa mwalimu peke yake, hata ukiandika vizuri namna gani, hautoshi.